Je, wajua kompyuta ya kwantamu inaweza kukupigia hesabu bila kuiona data yako?

Kompyuta za kwantamu, zile zinazopiga hesabu kwa kutumia tabia za chembe ndogo kabisa za maumbile, haziji mezani kwetu leo wala kesho, hilo tukubaliane mapema. Nyingi zinataka baridi ya kupita kiasi, karibu na nyuzi -273, zinataka wataalamu wa kuziangalia usiku na mchana, na bei yake hata usiulize. Kwa hivyo mtu wa Mombasa akitaka kuitumia atafanya vile watu wanafanya tangu 2016 kampuni ya IBM ilipoiweka moja mtandaoni, unatuma kazi yako, mashine iliyo ng'ambo inapiga hesabu, jibu linarudi. Sasa je, kama hiyo data ni rekodi za wagonjwa, ama fomula ya dawa ambayo hutaki mwenye mashine aione? Ukiifunga kwa siri atashindwa kuihesabu, ukiifungua ashaiona. Ama ndivyo inavyoonekana.

Hebu anza na hesabu ya kawaida kabisa. Mama anauza mahamri na mbaazi Mji wa Kale, leo ameuza shilingi 4,700 na hataki jirani anayempigia hesabu ajue. Anachagua namba ya siri bila mpango wowote, tuseme 3,150, anaijumlisha na mauzo, anampa jirani 7,850. "Hebu niongezee 500 hapo." Jirani anarudisha 8,350, mama anatoa 3,150 yake, anabaki na 5,200, sawasawa. Lakini angemwambia zidisha mara mbili ile 7,850, jirani angerudisha 15,700, na hapo kutoa 3,150 hakutoshi, lazima atoe 6,300 ndo apate 9,400, manake siri nayo imezidishwa pamoja na hela. Hapo ndipo pa kushika: jirani anashughulika na namba, mama anashughulika na ufunguo, yaani ile namba ya siri, kila mtu upande wake. Shida inaanza ukitaka kuzidisha namba mbili zilizofichwa, moja kwa nyingine, kwa sababu siri na hela zinachanganyika na kutoa tu hakuzitenganishi tena. Rivest, Adleman na Dertouzos waliuliza swali hili 1978 na jibu kamili la kompyuta za kawaida likaja 2009, kutoka kwa Craig Gentry akiwa bado mwanafunzi Stanford.

Kwenye kwantamu mambo yanafanana lakini yanapendeza zaidi. Kompyuta ya kawaida inatumia biti, yaani 0 ama 1; ya kwantamu inatumia kyubiti. Kyubiti si 0 ama 1 tu, inaweza kuwa mchanganyiko wa zote mbili, na huo mchanganyiko una alama yake, ya kujumlisha ama ya kutoa. Kwa hivyo kuificha unarusha sarafu mara mbili kwa kila kyubiti, ya kwanza inaamua kama utageuza 0 iwe 1 na 1 iwe 0, ya pili inaamua kama utageuza ile alama. Asiyejua sarafu ziliangukaje hapati kitu hapo, hata awe na kompyuta kubwa kuliko zote duniani. Tena 2000 ilithibitishwa kwamba biti mbili za siri, yaani hizo sarafu mbili, kwa kila kyubiti zinatosha na huwezi kupunguza hata moja.

Mashine ikianza kazi, hatua nyingi ni rahisi. Kuna moja inaitwa Hadamard, ikipita, sarafu zako mbili zinabadilishana nafasi, wewe unaandika tu kwenye karatasi yako. Zikiunganishwa kyubiti mbili, siri ya moja inaingia kwa nyingine, unaandika tena. Lakini hatua hizo peke yake hazitoshi, kompyuta ya kawaida inaweza kuziiga zote bila jasho, kwa hivyo lazima uongeze hatua nyingine, inaitwa T, inayozungusha kyubiti nyuzi 45. Na hiyo ndiyo inayosumbua. Kama kyubiti ilikuwa imegeuzwa, T inazungusha upande wa pili, na kurekebisha lazima uzungushe nyuzi 90 zaidi. Sasa ukimwambia mwenye mashine "hapa rekebisha, pale usirekebishe," si ushampa ufunguo?

Timu iliyokuwa na mtafiti Anne Broadbent, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walitoa jibu 2014 na wakalijaribu kwa mwanga wenyewe. Kila hatua ya T, mteja anatuma fotoni (punje ya mwanga) moja ya ziada ikiwa katika hali moja kati ya nne, na ni yeye tu anayejua ipi. Mashine inaiunganisha na ile kyubiti, inapima, inarudisha biti moja, mteja anajibu kwa biti moja: zungusha, ama wacha. Lakini jibu lenyewe limechanganywa na siri ya ile fotoni, kwa hivyo mashine inatii na haijui kwa nini. Mteja hahitaji kompyuta ya kwantamu, anahitaji kifaa cha kutoa fotoni moja moja basi. Mimi hapo ndipo naona uzuri wa hii kazi.

Kuna kitu mwenye mashine bado anaona, anajua programu gani inaendeshwa, asichojua ni data. Ukitaka kuficha hata programu kuna njia ya Broadbent, Fitzsimons na Kashefi ya 2009, nayo ilijaribiwa Vienna 2012.

Kwetu Mombasa tatizo ni njia ya kupitishia hizo fotoni. Kebo ya intaneti ya TEAMS iliyoingia hapa 2009 inatoka Fujairah, Falme za Kiarabu, kama kilomita 5,000 chini ya bahari, na huko njiani mwanga unaongezwa nguvu mara kwa mara usizimike. Kufanya hivyo kwa fotoni yenye kyubiti ni kuiharibu, manake kuongeza nguvu ni kama kunakili, na hali ya kwantamu usiyoijua haiwezi kunakiliwa, hiyo ilithibitishwa 1982. Ndo maana kazi ya mtafiti Urmila Mahadev ya 2018 inanihusu zaidi: mteja ana kompyuta ya kawaida tu, anatuma biti za kawaida, na bado mashine ya kwantamu inafanya kazi kwenye data iliyofungwa. Bei yake ni kwamba usalama hapo hautegemei tena sheria za maumbile, unategemea fumbo la hisabati ambalo wataalamu wanaamini hata kompyuta za kwantamu haziliwezi. Mimi naikubali bei hiyo, kwa sababu biti za kawaida kebo yetu inazibeba tayari.