Sanduku la nguo za watoto: tunayoambiana Tanga na ukweli wake

Chungulia uvunguni mwa kitanda katika nyumba za Ngamiani, barabara yoyote ile, hutakosa mfuko au sanduku la nguo za mtoto aliyekwisha kua. Zinamngoja mdogo wake, au mtoto wa wifi aliyeko Muheza, au mjukuu ambaye mama yake bado hajaolewa. Ni jambo jema. Mtoto mchanga huziacha nguo kabla hata hazijapauka, na kuzitupa ni israfu tu. Balaa huja siku ya kufungua: vitone vyeusi kwenye kola, lastiki imelegea kama uzi, fulana nyeupe imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na uvundo unaokukaribisha kabla hujagusa kitu. Hapo lawama zote huwaendea mende, sabuni na wauza mitumba. Unyevu wa pwani, ambao ndio mkosaji mkubwa, hausemwi. Na mengi tunayoambiana kuhusu kuhifadhi yanausaidia.

“Funga kwenye nailoni, kaza fundo, hakitaingia kitu”

Kitu chenyewe kimo ndani tayari. Hewa yetu ya asubuhi mara nyingi ina unyevu unaopita asilimia 80, na kuvu huanza kuota kwenye pamba pale unyevu unapokaa juu ya asilimia 65 au 70 hivi. Nguo iliyoanuliwa magharibi, wakati upepo wa bahari umeshaanza kupoa, huwa imeshavuta maji ya hewa hata kama mkononi unaiona kavu. Ukiifunga hapo umeyafunga na maji yake, na fundo hilo hilo ulilolikaza ndilo linaloyazuia yasitoke.

Usiipime nguo kifuani, pale kitambaa ni chepesi. Shika pindo, kola, mshono wa mfuko wa jinzi na pale lastiki ilipopita, kisha uweke shavuni. Ukihisi ubaridi, bado. Anua saa saba au saa nane mchana, jua likiwa bado kali, halafu iache nguo ipoe kabla ya kuikunja. Hata iliyotoka kwenye pasi iache ipoe, kwa sababu mvuke wake ukiingia sandukuni utageuka maji humo humo. Nguo za kukaa muda mrefu zipange Januari na Februari, au baada ya masika, kuanzia Juni hadi Septemba. Anayefunga sanduku mwezi wa nne, mvua ikiwa haijakatika tangu juzi, ajue anapanda kuvu.

Mfuko mzuri ni wa kitambaa: foronya kuukuu, au kanga iliyochoka ukaishona pande tatu. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko inafaa, ila nguo ziwe kavu kweli na ifunguliwe mara kwa mara zipate hewa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini uvunguni mwetu ingali hai na afya njema, inachakaa, inanata, na wino wa maandishi yake unahamia kwenye gauni la mtoto.

“Sanduku la bati ndilo kiboko”

Kwa panya, naam, hapo sina ubishi. Lakini bati hupoa usiku, na hewa ya humo ndani ikigusa ubaridi hutoa jasho. Likikaa juu ya sakafu ya saruji mambo huzidi, maana saruji nayo hupandisha unyevu kutoka chini. Linyanyue juu ya matofali mawili au vipande vya mbao, na ndani tandika shuka nzito ili nguo zisigusane na bati, usije ukakuta kutu. Boksi la karatasi ni baya kuliko vyote: linanyonya unyevu na gundi yake ni chakula cha mende. Na darini, chini ya bati la paa, joto la mchana linaua lastiki upesi.

“Tia vidonge vya naftalini, wadudu watakimbia”

Hapa naomba tukae kidogo, kwa kuwa ndipo penye hatari.

Bibi atakwambia, “Mwanangu, tia viwili vitatu, hata mwakani utazikuta salama.” Anasema kwa mapenzi, na katika ujana wake kila kabati la heshima lilinukia hivyo. Ila vile vidonge vyeupe vilitengenezwa kwa ajili ya nondo, na kinachotoboa nguo si nondo anayeruka bali kiwavi wake, ambaye chakula chake ni sufu, hariri, manyoya na nywele. Pamba safi haimshughulishi. Sasa hesabu nguo za sufu ulizonazo Tanga. Labda sweta moja, kama mna ndugu Lushoto, na hata hilo la mtumba aghalabu ni uzi wa kiwandani tu.

Wanaoharibu pamba zetu ni mende na vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu cha zamani. Hao hufuata wanga na mabaki ya chakula: uji uliokauka kifuani, maziwa shingoni, nguo iliyotiwa wanga kabla ya kupigwa pasi. Ondoa chakula, watahamia kwa jirani.

Hatari yenyewe ni hii. Baadhi ya watu huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ambacho kazi yake ni kuzilinda chembe nyekundu za damu. Hurithiwa, huwapata wavulana zaidi, na umeenea sana mahali ambapo watu wameishi na malaria vizazi kwa vizazi, pwani yetu ikiwamo. Wengi wanao wala hawajui. Mtoto mwenye upungufu huo akivuta hewa ya naftalini, au ikimpenya kupitia ngozi, chembe zake za damu huweza kupasuka kwa wingi. Wapo watoto wachanga waliougua hivyo, wengine vibaya mno, kwa kuvalishwa nguo au kufunikwa blanketi lililohifadhiwa na vidonge hivyo. Na sisi tunawapaka wachanga mafuta kila baada ya kuwaogesha, wakati naftalini huyeyuka kwenye mafuta na hupenya ngozi kwa urahisi zaidi kwa njia hiyo.

Kwa hiyo nguo iliyokaa na naftalini itoe nje, iache kwenye upepo siku kadhaa, kisha uifue. Harufu ikibaki, hiyo si ya mtoto mchanga, mpe mtu wa kudekia. Ukiona mtoto amekuwa wa njano machoni au ngozini, amelegea, anakataa ziwa, au mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, usingoje asubuhi wala usimtoe juani kwanza. Mpeleke hospitali na useme wazi kwamba nguo zake zilikaa na naftalini. Mtoto anayetambaa naye huviona vidonge hivyo kama peremende. Akimeza, ni hospitali moja kwa moja, na pakiti yake mkononi.

Bibi habishiwi, lakini anaweza kupewa mbadala: majani makavu ya mwarobaini au karafuu chache ndani ya kitambaa kilichofungwa. Haviui kitu, vinafukuza kidogo tu na kutia harufu njema. Mkaa mkavu uliofungwa kwenye soksi kuukuu hupunguza harufu ya uvundo; utoe juani kila baada ya majuma machache.

“Zifukize udi, zitakuwa safi”

Udi ni wa furaha na wa ugeni, nani asiyeupenda. Ila moshi haufui. Unafunika uvundo, na kuvu inabaki pale pale. Mapafu ya mtoto mchanga ni madogo, moshi wa chetezo haumsaidii, hivyo mvalishe nguo isiyonukia kitu.

“Haina doa, weka tu”

Maziwa, jasho na mate ya mtoto huwa hayaonekani siku yanapomwagika. Yakikaa miezi sandukuni, mafuta yake hukutana na hewa na kugeuka manjano, ndiyo ile rangi ya chai ya maziwa. Kila nguo ifuliwe kabla ya kuwekwa, hata ile iliyovaliwa mara moja kwenye arubaini, na isuuzwe mpaka maji yatoke meupe, maana sabuni iliyobaki nayo hugeuza rangi. Wanga usitiwe.

Na doa likikataa, mkono wa kwanza huenda kwenye Jik. Dawa zenye klorini zinaua lastiki, zinaweza kuifanya nailoni iwe ya njano, na zikikutana na kutu ndiyo kwanza doa linanata zaidi. Kutu kuna dawa yake uani: mbirimbi. Tunda hilo lina asidi inayoyeyusha kutu, ndiyo maana wazee walisugulia visu. Ponda moja, kamulia juu ya doa, ongeza chumvi, weka juani kidogo, suuza vizuri. Limau nalo linafanya kazi hiyo, taratibu zaidi. Jaribu kwanza ndani ya pindo, kwa sababu rangi nyingine zinachuja.

“Nguo ya mtoto mwingine italeta upele”

Inategemea upele gani. Kidudu cha upele unaowasha usiku, ule unaoambukiza nyumba nzima, hakiishi zaidi ya siku mbili au tatu kikiwa mbali na mwili wa mtu. Nguo iliyokaa miezi sita sandukuni haiwezi kuuleta. Mapunye ni habari nyingine. Vijimbegu vyake vya fangasi huweza kudumu miezi mingi kwenye kofia na kola, kwa hiyo kofia za mtoto aliyekuwa na mapunye zifuliwe kwa maji ya moto kweli kweli, zikauke juani na zipigwe pasi, au ziachwe zisirithiwe.

Yuko pia nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au kutandazwa majanini, na kiluwiluwi chake huingia ngozini kikawa kama jipu lenye tundu. Bila kupata mwili hakimalizi wiki mbili hivi, kwa hiyo si wa sandukuni. Ni wa siku ile unapozitoa, ukazifua upya na kuzianika uani. Pasi ya moto ipite mpaka kwenye mishono.

Wanaosema mchanga lazima avae mpya tu, nao waangalie upande wa pili. Nguo mpya hutoka kiwandani na dawa za kuzuia mikunjo na rangi iliyozidi, ambazo hupungua kadiri inavyofuliwa. Nguo ya kurithi imeshamaliza kazi hiyo. Mpya ifue kwanza.

“Panga kwa umri”

Umri wa nani? Nguo nyingi za watoto tulizonazo zilianza safari kama mitumba, na lebo zake hazisemi lugha moja. Za Ulaya zina namba 62, 68, 74, 80: hiyo si miezi, ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Za Marekani zina 2T na 3T, T ikiwa ya mtoto aliyeanza kutembea. Mtoto wa mwaka mmoja, kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, huwa katikati ya sentimita 74 na 76, wakati nguo ya Ulaya iliyoandikwa miezi 12 aghalabu ni ya 80. Na pamba imeshafuliwa, imejikunja, lebo imebaki ikitangaza ya zamani.

Chukua futi ya fundi cherehani. Mlaze mtoto, mpime utosini hadi kisiginoni. Kisha gawa nguo katika mafungu ya urefu: chini ya 62, 62 hadi 74, 74 hadi 86, na kuendelea. Kwa suruali, ilinganishe na moja inayomwenea sasa, kiuno kwa kiuno. Andika kwenye kipande cha gundi ya karatasi, ukibandike nje ya mfuko pande mbili, maana mfuko una tabia ya kugeuzwa. Andika na mwezi ulioufunga. Nguo nzito chini, nyepesi juu. Na usitenge za kike na za kiume kwa miaka miwili ya mwanzo, mtoto mchanga hajali na utaokoa nusu ya nafasi.

Kuna mtindo wa kungoja mimba ndipo sanduku lifunguliwe. Lifungue kila msimu wa jua, zikung'ute, zipitishe upepo wa mchana, ukunje upya kwa mistari mingine, kwa sababu mkunjo ule ule mwaka hadi mwaka hukata kitambaa. Utakutana pia na zile ambazo kwa sasa zingemfaa mtoto wa shoga yako kule Makorora. Mpe, lastiki haingoji mtu.

“Vyote vitafaa, mtoto ni mtoto”

Viatu vimeshafuata mguu wa mwenyewe wa kwanza, na gundi ya soli huchoka hata kikiwa kabatini. Ndala za kuogea sawa, vya kujifunzia kutembea bora vingine. Nguo iliyolegea vifungo ishonwe kabla ya kuingia sandukuni, maana mtoto wa miezi saba hutia mdomoni chochote kinachong'oka. Halafu zile jaketi na sweta za kofia zenye kamba shingoni. Marekani ilitoa mwongozo dhidi ya kamba hizo mwaka 1996, baada ya watoto kunyongwa zilipokwama kwenye vifaa vya kuchezea na vitu vingine, lakini za kabla ya hapo, na za viwanda visivyojali, bado hutokea kwenye mitumba. Shika ncha moja ya kamba, ivute yote mpaka itoke, kofia itakaa vizuri tu bila kamba.