2Rx8 kwenye RAM maana yake nini, na kwanini kompyuta ya zamani inakataa RAM ambayo haina ubovu wowote

Chukua RAM yoyote ya laptop (kile kibao cha memori ya kompyuta) ya DDR3, yaani kizazi cha tatu cha RAM za DDR, igeuze uone upande wenye stika, utakuta maandishi madogo ya aina hii: 4GB 2Rx8 PC3-10600S. Wengi wanasoma hiyo 4GB wanaishia hapo hapo, wanalipa, wanaondoka. Na mi kwa muda niliokaa kwenye meza ya ufundi naweza kukwambia kesi nyingi za "nimeongeza RAM mashine haiwaki" chanzo chake ni hayo maandishi mengine ambayo hakuna aliyeyasoma, RAM yenyewe nzima na bodi nayo nzima.

Juzi kaja mwalimu mmoja wa sekondari na laptop yake yenye prosesa ya Intel Core i5 kizazi cha kwanza, zile nzito nzito za maofisini zinazoingia kama used. Ilikuwa na 2GB, imekuwa nzito mpaka akifungua matokeo ya wanafunzi kwenye Excel na intaneti kwa pamoja kila kitu kinaganda. Kanunua RAM mpya ya 4GB, ikawekwa hukohuko dukani, feni ikazunguka, taa zikawaka, skrini nyeusi tii. Akaambiwa bodi imekufa. Alipofika kwangu ananiambia, "Fundi, mi nilielezwa DDR3 ni DDR3, ilimradi imeingia kwenye sloti." Nikamwambia mwalimu, bodi tuiache kwanza, naomba niione hiyo RAM. Nikahesabu chipu, nne upande huu nne upande ule, jumla nane, na stika imeandikwa 4GB 1Rx8. Nikajua hapo hapo.

Sasa hiyo 1Rx8 na 2Rx8 ni nini. RAM siyo kitu kimoja, ni kibao chenye chipu kadhaa, na kompyuta inapochukua data kwenye RAM inachukua biti 64 kwa mkupuo. Chipu moja haiwezi kutoa biti 64 peke yake. Ile x8 inakwambia kila chipu inatoa biti 8, kwa hiyo ili zitimie 64 unahitaji chipu nane zifanye kazi pamoja, na hizo nane zikikamilika ndo zinaitwa ranki moja, ndo hiyo R. 1R ina safu moja ya chipu nane. 2R ina safu mbili, chipu kumi na sita, zinapokezana kwenye njia ileile ya biti 64.

Piga hesabu uone. 4GB ukiigawa kwa chipu kumi na sita kila moja inabeba MB 256, ukiigawa kwa chipu nane kila moja inabeba MB 512. GB ni zilezile 4 lakini ndani ya kila chipu ujazo umezidi mara mbili, na huo ujazo wa chipu moja moja ndo mafundi wanauita densiti. Kwa lugha ya watengenezaji hiyo ya MB 256 ni chipu ya gigabiti 2 na ya MB 512 ni ya gigabiti 4, usichanganye gigabiti na GB maana biti 8 ndo zinafanya baiti moja.

Kuna kitu kinaitwa kontrola ya memori, ndo kinachoipa RAM oda, leta hiki, tunza kile. Kwenye mashine za Core 2 Duo kipo kwenye chipseti ya bodi, yaani chipu kubwa zinazounganisha prosesa na vifaa vingine, kuanzia Core i za kwanza kikahamia kwenye prosesa. Kontrola inaitafuta data kwa namba ya anwani, na tarakimu za hiyo namba zinapita kwenye waya halisi, idadi yake ilishapangwa kiwandani. Chipu ya gigabiti 2 ya x8 inahitaji laini 15 kutaja mstari wowote ndani yake, ya gigabiti 4 inahitaji 16. Ni kama upewe fomu yenye viboksi 19 halafu namba yako ya NIDA ina tarakimu 20, namba yako ni halali na we ni mtu halali lakini fomu haikupokei. Ndo maana kontrola ya zamani ikipewa chipu ya gigabiti 4 ama mashine haileti picha kabisa ama inaona nusu, umeweka 4GB inasoma 2GB. Na hapa nawaomba msidanganywe kwamba ukiapdeti BIOS itakubali, BIOS ni programu, haiwezi kuongeza waya ambao haukuwekwa.

Kwa hiyo kwa DDR3 mi huwa nazigawa hivi kichwani: Core 2 Duo, Core i kizazi cha kwanza za laptop, na desktop zenye chipseti ya G41, hizo RAM ya 4GB lazima iwe ya chipu kumi na sita, 2Rx8, bila mjadala. Kuanzia kizazi cha pili cha Core i chipu za gigabiti 4 zinakubalika, ndo maana zinapokea mpaka 8GB kwenye sloti moja. Ila RAM moja ya DDR3 ya 16GB inatumia chipu za gigabiti 8, na kizazi cha pili, cha tatu na cha nne zote zinaikataa, so usije ukaagiza mtandaoni ukidhani umepata bahati.

Kwenye DDR2 za desktop kuna mtego mwingine ambao unaniuma kwa sababu wanaonasa ni watu wenye bajeti ndogo. Utakuta RAM ya 4GB ya DDR2 inauzwa rahisi ajabu, pembeni imeandikwa kwa maandishi madogo kwamba ni ya AMD tu, yaani mashine zenye prosesa za kampuni ya AMD. Hizo zina chipu za x4, kila chipu inatoa biti 4, zinahitajika kumi na sita kufanya ranki moja. Chipseti za Intel za desktop za kawaida haziujui huo mpangilio. Mtu ana desktop ya Intel anaichomeka inakaa vizuri kabisa, mashine kimya. Kama bodi yako ni ya Intel achana nazo hata zikiuzwa bei ya soda.

Herufi ya mwisho baada ya namba ya PC3 nayo isome. S ni ya laptop, U ni ya desktop ya kawaida, R ni ya seva. Hiyo ya R inaingia kwenye sloti ya desktop kwa sababu pini ni 240 zilezile na lile pengo dogo kwenye safu ya pini lipo mahali palepale, lakini desktop ya kawaida haiwaki nayo, na zimejaa sokoni kwa sababu seva zikistaafishwa RAM zake zinachomolewa zinauzwa kwa mafungu.

Halafu kuna L, yaani PC3L. DDR3 ya kawaida inatumia volti 1.5, ya L inatumia 1.35. Laptop nyingi za kizazi cha nne zinataka L tu, ukiweka ya 1.5 haiwaki au inapiga mlio. Kinyume chake hakina shida kwenye umeme, L ikiwekwa kwenye mashine ya zamani inakubali 1.5 pia, lakini hapo ndo watu wananasa mara ya pili maana RAM nyingi za L za 4GB ni za 1Rx8, volti inakubalika densiti inagoma, na fundi asiyejua anaishia kulaumu volti.

Ikikutokea, kabla hujamwambia mtu bodi imekufa, chomoa chaja na betri, shika batani ya kuwashia kama sekunde 30 umeme uliobaki uishe, rudisha RAM ya zamani peke yake. Ikiwaka, bodi ni nzima, pumua. Weka mpya peke yake kwenye sloti ileile, ikikataa soma stika. Ikiwaka ijaribu kwenye sloti ya pili, maana wakati mwingine RAM zote mbili ni nzima ila sloti ina vumbi au pini imelala, na pini za dhahabu za RAM zisugue taratibu kwa raba safi ya penseli, pangusa mabaki, halafu isukume mpaka vile vibanio vya pembeni vilie ka! vyote viwili. Nimeshaona laptop imezungushwa kwa mafundi watatu, kumbe RAM haikuzama vizuri.

Kama imewaka ila GB hazitimii hilo ni jambo tofauti. Windows ya 32-bit haivuki 4GB, na kwa kawaida utaona 3 na pointi kadhaa tu, hapo unahitaji 64-bit, siyo RAM nyingine. Windows 7 Starter inaishia 2GB, Home Basic ya 64-bit inaishia 8GB. Na zile za chipseti ya Intel 945 hata ukiweka 64-bit bado utaona 3 na kitu, kwa hiyo usipoteze hela kuitafutia 4GB kamili. Kama inawaka, GB zimetimia lakini inajizima au inaleta skrini ya bluu ovyo, endesha memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha, ikitokea hata eroro moja nyekundu rudisha RAM dukani.

Ya mwalimu tuliitafutia 2Rx8 iliyotumika, chipu nane huku nane kule, nikaichomeka pembeni ya ile 2GB yake, ikasoma 6GB mara ya kwanza tu. Akafungua lile faili la matokeo hapo hapo mezani, akashuka nalo mpaka jina la mwisho bila kuganda. Ile 1Rx8 iliyosemwa imeua bodi niliijaribu mbele yake kwenye laptop ya kizazi cha tatu iliyokuwa inasubiri mwenyewe, ikawaka na ikasoma 4GB zote.