Cheti cha 6G peke yake hakikupi pesa za mafuta

Kila mradi wa mafuta au gesi ukitangazwa, iwe Hoima, Tanga au Oman, vijana waliosomea kuchomelea VETA (chuo cha ufundi stadi) huuliza swali lile lile: nina 6G, cheti cha kuchomelea bomba, nitalipwa ngapi? Swali hilo linaruka hatua. Kwanza uliza kama karatasi hiyo inakufikisha hata kwenye kazi unayoitaka.

"Nikishapata 6G, nimemaliza"

Hujamaliza, na dhana hii inawapotezea mafundi wazuri kazi. 6G ni mkao tu: bomba limefungwa kwa pembe ya digrii 45, haligeuzwi, wewe ndiye unayelizunguka. Lakini idhini yako ina mipaka mingine mingi. Tuseme chini ya ASME Sehemu ya IX, kanuni za Kimarekani za kupima mawelda, umefanya mtihani kwa bomba la inchi 6, Sch 80 (daraja la unene wa ukuta), unene mm 10.97. Ruti, yaani tabaka la kwanza la ndani, umeweka kwa TIG (kuchomelea kwa gesi ya kukinga na waya wa kujazia), mm 3, kisha ukajaza mm 8 kwa rodi za E7018. Hupewi idhini ya unene wote kwa kila mchakato. Unapata mara mbili ya chuma ulichoweka: TIG hadi mm 6, rodi hadi mm 16. Kipenyo cha nje ni kuanzia mm 73 kwenda juu. Ukipelekwa kwenye bomba la inchi 1, cheti chako hakifiki.

Mwelekeo nao unahesabiwa. Mabomba ya kusafirishia mafuta chini ya API 1104, kanuni za kuchomelea mabomba hayo, mara nyingi huchomelewa kwa kushuka, kwa rodi za selulosi kama E6010. Aliyefanya mtihani kwa kupanda anarudi kwenye mtihani. Na chini ya ASME, ukikaa miezi 6 bila kutumia mchakato fulani, idhini yake imekufa. Zaidi ya hayo, dhamana ya mshono ni ya mwajiri, kwa hiyo kampuni mpya itakupima upya getini hata uje na faili zima la vyeti.

Getini wengi huangukia chini ya bomba, pale unapochomelea juu ya kichwa. Ruti inazama, ndani panabaki bonde, na eksirei inalionyesha. Sababu kubwa ni pengo lisilo sawa kati ya vipande vya bomba na taki (vishikizo vifupi vya kuchomelea) zisizosagwa. Pima pengo sehemu nne kabla ya kuwasha, saga ncha zote mbili za kila taki hadi ziwe nyembamba, na ukifika chini sukuma waya ndani ya pengo badala ya kuongeza ampea.

Halafu rodi, jamani! E7018 hukaa kwenye oveni ya nyuzi 120 hadi 150 za Selsiasi. Ikishakaa nje zaidi ya saa 4, ioke upya kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji. Unyevu wake huleta matundu na nyufa. E6010 usiioke kabisa, kwa sababu selulosi yake inahitaji unyevu kidogo ili ichome vizuri.

"Mafuta yanalipa mamilioni kila mwezi"

Malipo ya siku si mshahara wa mwezi. Zamu ya siku 28 kazini na 28 nyumbani bila malipo inakupa takriban siku 182 za kulipwa kwa mwaka. Piga hesabu kwa hizo. Hata Marekani, takwimu za serikali za Mei 2023 ziliweka mshahara wa kati wa mawelda wa sekta zote kuwa dola 48,940 kwa mwaka. Wale wanaotajwa kwa pesa nyingi mara nyingi wana gari na mashine zao, na gharama za kuviendesha ni zao pia. Ukipewa mkataba wa Oman, angalia mshahara wa msingi, maana kiinua mgongo hukokotolewa juu yake. Posho nono juu ya msingi mdogo itakuumiza siku ya kuondoka.

"Bomba la Hoima–Tanga litanipa kazi ya kudumu"

Lina kilomita 1,443, lakini kazi ya kuchomelea husonga na kikosi, na bomba likishazikwa uendeshaji wake unahitaji mawelda wachache. Lichukue kama nafasi ya kupata uzoefu.

"Maziwa husafisha moshi kifuani"

Hayasafishi chochote. Maziwa huenda tumboni, moshi wa kuchomelea huenda kwenye mapafu, na mwaka 2017 wataalamu wa IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, waliuweka miongoni mwa visababishi vya saratani. Nunua barakoa ya chujio.

"Welda hapandi cheo"

Anapanda. Njia ya ukaguzi, kwa mfano CSWIP 3.1 (cheti cha mkaguzi wa uchomeleaji), iko wazi kwa fundi mwenye uzoefu unaothibitishwa. Ndiyo maana nasisitiza daftari: tarehe, namba ya WPS (maelekezo ya uchomeleaji yaliyoandikwa), mchakato, kipenyo, unene, namba ya mshono, matokeo ya eksirei, sahihi ya inspekta. Daftari hilo hilo ndilo linalothibitisha kuwa hujavuka miezi 6. Na linda macho kuanzia sasa, kwa kioo cheusi cha kinga namba 10 au zaidi kwa rodi ya mm 3.2, kwa sababu mkaguzi hupimwa uwezo wa kuona karibu kabla ya kupewa cheti.