Zanzibar ilipoteza manowari zake 1872, si 1896

Kuna picha ya bandari ya Mji Mkongwe, ya mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo huanza nayo kila ninapofundisha historia ya bahari yetu. Milingoti mitatu imechomoza majini, meli yenyewe haionekani. Chini yake imelala Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita ambavyo havikutimiza hata saa moja. Wengi husema hapo ndipo jeshi la majini la Zanzibar lilipokufa. Mimi nasema lilikufa miaka 24 kabla.

Merikebu za Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, zilikuwa za vita na za biashara kwa pamoja. Msimu huu zinapakia askari, msimu ujao pembe za ndovu na karafuu. Kubwa kuliko zote ilikuwa Liverpool, iliyoundwa Bombay mwaka 1826 kwa mbao za msaji, mizinga 74. Mwaka 1836 Seyyid Said aliitoa zawadi kwa William IV, mfalme wa Uingereza, na Waingereza wakaiingiza katika jeshi lao kwa jina la Imaum. Kila nikisoma habari hii moyo hunijaa: mtawala wa huku kwetu anaizawadia Uingereza manowari! Mwaka 1840 merikebu yake nyingine, Sultana, ikatia nanga New York ikiwa na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman. Mwenyewe Seyyid alifia baharini Oktoba 1856, ndani ya merikebu yake Victoria, akirejea Unguja kutoka Oman.

Kisha ikaja tufani ya tarehe 15 Aprili 1872. Merikebu za Seyyid Barghash, mwana wa Said aliyekuwa Sultani wakati huo, ziliangamia bandarini, na mikarafuu ya Unguja ikang'oka mizizi. Pemba ilisalimika, ndiyo maana karafuu ikahamia huko. Kwa hiyo Sultani alipoteza merikebu pamoja na fedha ya kuundia nyingine. Juni 1873 Waingereza wakatishia kuifunga bandari yake kwa manowari mpaka atie saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Biashara ile ilikuwa dhuluma na ilistahili kukoma. Lakini angalia nani sasa alikuwa na manowari, na nani hana.

Glasgow ilikuja baada ya hapo. Barghash aliipenda manowari ya Kiingereza yenye jina hilo, akaagiza ya mfano wake kutoka Dumbarton, Uskochi. Ilipofika haikumridhisha, ikakaa nangani miaka mingi. Siku ya vita ilikuwa na mizinga midogo saba, dhidi ya manowari tano za Admirali Rawson wa Uingereza. Hata hivyo mabaharia wake waliifyatulia St George, iliyokuwa kubwa kuliko zote. Ilipoanza kuzama walipandisha bendera ya Uingereza kuonyesha wamesalimu amri, na mashua za Waingereza wale wale zikawaokoa.

Milingoti ilibaki pale hadi 1912, mabaki yalipokatwakatwa na kuondolewa.