Taka za mionzi ni nini, na mnunuzi wa skrepa wa Tabora anahusikaje

Tanzania haina kinu cha kuzalisha umeme wa nyuklia, lakini taka za mionzi inazo. Ni kitu chochote chenye mionzi ambacho hakina kazi tena. Kali kuliko zote ni mafuta ya nyuklia yaliyokwisha kutumika vinuni. Ufini imechimba mahandaki ya Onkalo, zaidi ya mita 400 chini ya mwamba, ili kuyazika. Sisi hatujafika huko. Zetu ni hasa vyanzo vidogo vya mionzi vilivyofungwa ndani ya chuma, vya hospitali, viwandani na kwenye ujenzi. (Mashine ya eksirei haimo: ukiizima, mionzi imekwisha.)

Chukua kipimo cha kujua kama udongo wa barabara umeshindiliwa vizuri. Aina inayotumika sana ina kidogo cha sesiamu-137, metali yenye mionzi ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila miaka 30 hivi. Barabara ikiisha, mkandarasi akafunga kambi, kipimo kikaachwa stoo kimeharibika, chanzo kilichomo bado ni kikali. Siku moja kinaweza kuuzwa kwa kilo Tabora mjini au Ujiji. Hapo ndipo ninapoogopa.

Brazili iliyaona mwaka 1987. Mjini Goiânia, kliniki ya tiba ya mionzi ilihama ikaacha mashine yenye sesiamu-137 kwenye jengo tupu. Waokota vyuma wakaibeba, wakaifumua, wakaiuza. Unga wake uling'aa buluu gizani. Watu wakagawiana na jamaa zao, wengine wakajipaka. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka 6. Watu 249 walikutwa wamechafuliwa, na zaidi ya 100,000 ikabidi wapimwe. Hakuna aliyekuwa amewaonya.

Kwa hiyo mwenye yadi ya skrepa akikuta chuma chenye alama ya mionzi, yaani duara dogo lililozungukwa na mapanga matatu kama ya feni, asikikate wala kukichoma moto. Asogeze watu mbali, atoe taarifa polisi ili Tume ya Nguvu za Atomiki ijulishwe. Tume ina ghala la taka hizi Arusha.

Lakini kumsubiri mwenye yadi agundue ni kuchelewa mno. Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003 inamtaka mwenye chanzo awe na leseni. Mimi ningetaka na mkataba wa ununuzi useme wazi kwamba kikichoka, muuzaji atakirudisha kwake, gharama za safari zikiwa zimelipwa tangu mwanzo. Na mkandarasi asipewe malipo yake ya mwisho kabla hajaonyesha kila kipimo alichokuja nacho kiko wapi.