Jiwe gizani: wimbo wa taarabu humpataje mtu

Aliyekaa ukumbini humtazama mwimbaji. Mimi napiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi, na kanuni hupigwa kwa kukaa, imelazwa mapajani au juu ya meza, uso umeelekea watu. Kazi hiyo imenipa kiti kizuri cha kuwatazama wasikilizaji. Humu nitaeleza ninachokiona kutoka hapo, kwa sababu naulizwa mara kwa mara, na wanafunzi na watangazaji wa redio, kama muziki unaijenga jamii au unaiharibu, na naona swali lenyewe linaanzia pabaya. Anayeliuliza anadhani wimbo una ujumbe mmoja: mtunzi anautia, mwimbaji anautoa, msikilizaji anaumeza. Taarabu haiendi hivyo. Katika taarabu msikilizaji ndiye anayeamua wimbo unamsema nani, na akishaamua, anainuka.

Chukua wimbo wa mapenzi wa kawaida kabisa. Umetungwa zamani, mtunzi amekwisha kufariki, ukumbi mzima unaujua kwa moyo. Bibi mmoja wa makamo amekaa na wenzake. Beti ya kwanza inapita, ya pili inapita, yeye anazungumza tu. Inafika beti inayomtaja mtu wa kuingilia ya wenzake, na hapo anasimama. Anatembea taratibu, maana kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha jukwaani, hakukimbiliwi. Njia fupi ya kufika jukwaani ipo, lakini haipiti. Anazunguka upande wa pili, mbele ya viti fulani. Noti ameiinua juu kwa vidole viwili. Akifika haitoi mara moja. Anaizungusha juu ya kichwa cha mwimbaji, mabega yanacheza, na macho yake hayapo kwa mwimbaji hata kidogo. Yapo kule alikopita. Mwimbaji, ambaye pengine hajui lolote la mtaa ule, anaurudia mshororo uleule, mara mbili, mara tatu, kwa sababu ameona umepata mwenyewe. Sisi wapigaji tunarudi naye.

Sasa tazama kule kulikotazamwa. Mwanamke mwingine anacheka na shoga yake, kicheko kikubwa kuliko kinachohitajika. Nyimbo mbili baadaye, beti imemfaa, na yeye anainuka. Noti yake ni kubwa zaidi.

Waswahili tunasema kurusha jiwe gizani: ukisikia yowe, ujue limempata mtu. Nguvu yote ya taarabu imo katika giza hilo. Mtunzi hakutaja jina. Mwimbaji hakutaja jina. Aliyetunza naye akiulizwa kesho kisimani au sokoni atajibu kwamba yeye ameupenda wimbo tu, na hakuna wa kumkatalia. Atakayelalamika kwamba amesemwa, amekiri mwenyewe. Watu wanaoishi mlango kwa mlango, wanaochota maji pamoja na kuzikana, hawawezi kuambiana kila kitu usoni. Wanahitaji mahali ambapo neno linaweza kusemwa likasikika na wote na lisiwe na mwenyewe.

Muundo wa wimbo umejengwa kwa ajili ya kazi hiyo. Beti ya mtindo wa zamani mara nyingi ina mishororo mitatu, kila mshororo mizani 16, minane kabla ya kituo cha kati na minane baada yake, na vina pande zote mbili. Vipande vya mizani minane vinashikika haraka kichwani. Mtu akisikia mara moja anaondoka nacho. Halafu baina ya beti na beti pana nafasi ndefu ya ala. Fidla zinajibu, kanuni inapita chini, ngoma za dumbaki na rika zinashikilia mwendo. Mgeni huiona nafasi hiyo kama mapumziko ya mwimbaji. Ndiyo nafasi ya kutembea. Foleni ya watunzaji ikiwa ndefu, kiongozi wa bendi anatupa ishara na tunazungusha tena, na wimbo wa dakika 8 mazoezini unafika 15 ukumbini bila mtu kuona umerefushwa. Sauti nayo inasaidia. Maqam, yaani mpangilio wa sauti za Kiarabu, iitwayo bayati, kwa mfano, ina noti moja ya muziki inayokaa katikati ya zile mbili ambazo kinanda cha kawaida kinaweza kuzipiga, na ukiikalia noti ile vizuri ukumbi unanyamaza wenyewe. Maneno yanayofuata ukimya huo hayasikiki kama maneno ya kawaida.

Taarabu haikuanza na kazi hii. Ilianza ndani ya jumba la kifalme. Masimulizi ya Zanzibar yanasema Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim nchini Misri kujifunza kanuni, na kwa muda mrefu kilichoimbwa kilikuwa Kiarabu. Klabu ya Ikhwani Safaa iliyoanzishwa 1905 ilikuwa ya vijana wa mjini waliotaka burudani ile kwa adabu zake zote. Mtu wa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, ambako waliishi wengi waliokuwa wametoka utumwani, hakusemwa humo wala hakusema.

Aliyegeuza mambo ni mwimbaji Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, kwa wazazi wenye asili ya utumwa, akauza vyungu kwa kutembeza, akaingia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 alisafiri Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na sauti yake ikasikika pwani yote. Wakati uleule wakazi wa Ng'ambo walikuwa wanagoma kulipa kodi ya viwanja vya nyumba zao. Waliozikusanyikia santuri zile ndio haohao waliogoma, na nyimbo za Siti na wenzake zilikuwa zinazungumza mambo yao: ndoa, deni, hakimu, mtu mwenye nguvu na mtu asiye nayo.

Wimbo wake wa Kijiti nauchukulia kuwa somo kubwa kuliko yote kwa mtu anayetaka kuelewa muziki unaweza kufanya nini. Ulitokana na kisa cha kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alichukuliwa kwenye starehe na wanaume, akafanyiwa unyama, akauawa. Mtuhumiwa alikimbilia bara. Kesi ilipofika mahakamani, waliotiwa hatiani ni wanawake waliokuja kutoa ushahidi, kwa sababu ya pombe iliyonunuliwa siku ile. Mahakama ya kikoloni ikafunga faili. Siti akalifungua kwa wimbo, na jina la mtuhumiwa akalitaja wazi.

Utaniuliza, mbona hapo fumbo limeachwa? Kwa sababu hapo hapakuwa na ujirani wa kulinda. Fumbo ni la mtu utakayekutana naye kesho asubuhi. Aliyeua akakimbia, na hakimu aliyewafunga mashahidi, hawa hawana haki ya kusitiriwa. Siti alijua tofauti hiyo, na ndiyo maana jina la Kijiti bado linajulikana karibu miaka mia baadaye, ingawa hukumu yenyewe haisomwi na mtu. Kwa wanawake waliousikia wimbo ule, kulikuwa na mahali pengine pa kupeleka kesi.

Wanawake wa pwani walikuwa na mazoea hayo kabla ya santuri. Mombasa kulikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake, Ibinaal Watan na Banu Saada, vilivyoshindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kutiana aibu. Unguja vikaja vikundi vya taarabu ya wanawake, kimoja kikijiita Royal Air Force, na ushindani wao haukuwa mchezo. Watu waliumia. Nalisema hili kwa sababu wako wanaoipamba taarabu kana kwamba ilikuwa ya upole mpaka vijana walipoiharibu. Haikuwa ya upole. Ilikuwa na utaratibu, na utaratibu huo uliwafanya wagomvi wajibizane kwa zamu.

Miaka ya 1990 bara iliugeuza ushindani huo kuwa biashara. Vyama vingi viliruhusiwa 1992, CCM ikawa na kikundi chake cha TOT (Tanzania One Theatre) chini ya Kapteni John Komba, na taarabu yake ikabebwa na Khadija Kopa kutoka Zanzibar. Upande wa pili Muungano Cultural Troupe ikawa na Nasma Khamis. Kumbi za Dar es Salaam zikajaa mipasho: huyu anatoa, yule anajibu. Hapo lugha ilianza kuvuliwa nguo. Ukumbi ni mkubwa, wasikilizaji hawajuani, na fumbo linahitaji watu wanaojuana ili lifanye kazi. Nani atajua bibi yule amepita njia ndefu kwa sababu gani? Kwa hiyo maneno yakalazimika kuwa makali zaidi ili yafike. Nampenda sana Khadija Kopa kwa sauti na kwa ujasiri wa jukwaani, na sikubaliani na wanaosema mipasho si taarabu. Ila wimbo unaosema kila kitu humpa msikilizaji kazi ndogo, na msikilizaji asiye na kazi hupiga makofi akaenda nyumbani.

Hapo ndipo nashangazwa na wanaotaka kuulinda umma kwa kusoma mashairi. Mwaka 2018 Tanzania ilipiga marufuku orodha ya nyimbo redioni na kwenye runinga, nyingi za Bongo Fleva, kwa sababu ya maneno yake. Leta mbele ya kamati kama hiyo nyimbo 20 za taarabu ya zamani, zilizoandikwa kwenye karatasi. Zote zitapita. Wataona maua, ndege, mti wa mkarafuu, mashua, kikombe. Kamati haitaona ni nani aliyeinuka, wala alimtazama nani. Wimbo uleule usio na hatia umepatanisha mume na mke ukumbini nikiwa natazama, na umewahi kuvunja urafiki wa mashoga wawili waliovaa kanga sare siku ileile.

Ninachokifuatilia zaidi sasa kimo kwenye simu. Binti akigombana na wifi yake, anakata sekunde 30 za wimbo, penye mshororo anaoutaka, anaziweka status. Hakuandika jina. Wahusika wanaona, wanajua. Kwa namna moja ni kutunza kulekule, jiwe lilelile. Lakini mambo mawili yamekosekana, na nayasema kwa uchungu. La kwanza, kutunza kulikuwa na gharama. Ulitoa fedha, ulivaa, ulitembea mbele za watu wote na magoti yako yakitetemeka. Mtu alifikiri kabla ya kuinuka. Status haina nauli. La pili, ukumbini aliyerushiwa alikuwa na beti yake inayokuja, na bendi ilikuwa na wajibu wa kumpigia naye. Usiku ulikwisha kila mmoja ametoa lake. Kwenye simu anayerushiwa anakaa na kipande kile peke yake chumbani, anakirudia, na wimbo wote uliobaki, pamoja na beti ya mwisho ambamo watunzi wetu wengi huweka suluhu au dua, haufiki kabisa.

Ndiyo maana darasani nawashikilia vijana waimbe wimbo mzima, beti zote, na nafasi ya ala isikatwe hata kama mwenye harusi ana haraka. Kijana wa fidla huniambia watu wanachoka. Namwambia aangalie viti vya nyuma, upande wa mlango, ambako mara nyingi yuko mtu ameshika noti mkononi tangu beti ya pili, anajishauri. Mpe muda wa kufika.