Kipimo cha influenza kikisoma hasi, usivue barakoa

Dada mmoja alirudi maabara na karatasi ya majibu niliyompa siku nne nyuma. Alikuwa ameikunja vizuri, akaikunjua mbele yangu. "Dokta, si iliandikwa sina? Mbona mama kalazwa?" Mama yake ana pumu. Dada alipoona neno hasi alirudi nyumbani akavua barakoa, akaendelea kumpikia mama na kulala naye chumba kimoja. Hospitali walimpima mama kwa PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi, ikaonyesha influenza A, mojawapo ya aina za influenza.

Swali lake nalisikia karibu kila wiki, kwa maneno tofauti. Leo naliandikia, kwa sababu dirishani, foleni ikiwa ndefu, halielezeki likaeleweka.

"Kimesoma hasi, basi sina"

Imani hii naijua ilikotoka. Sote tumezoea kipimo cha malaria cha kidoleni. Unatobolewa, unasubiri dakika 15 au 20, mstari hautokei, unaambiwa huna wadudu na unakwenda zako. Kipimo kile kinaaminika kwa sababu vimelea vinamwaga protini yao kwenye damu, na damu ni ileile utoboe kidole cha kulia au cha kushoto. Cha influenza kinategemea nilichofanikiwa kukikwangua ndani ya pua yako, siku hiyo, saa hiyo. Nikikwangua vibaya, au virusi vikiwa vimeshapungua, kipimo hakina pa kushika.

Sogea uangalie kinavyofanya kazi. Kijiti nakizungusha ndani ya kichupa chenye dawa inayopasua virusi, halafu nadondosha matone kwenye kitundu cha kaseti, kile kibao kidogo cha plastiki cha kipimo. Majimaji yanapanda taratibu kwenye utepe, yakibeba kingamwili ambazo, kwa vipimo vingi, zimeshikizwa kwenye chembechembe ndogo mno za dhahabu. Zikikuta protini ya virusi zinaikamata, zinasafiri nayo hadi kwenye mstari, zinanaswa hapo. Chembe za dhahabu zikirundikana za kutosha, jicho linaona wekundu. Zisipotosha, mstari hauonekani, hata kama virusi vimo. PCR inachukua kipande kidogo cha virusi na kukirudufu mara mamilioni kabla ya kutoa jibu. Kaseti hairudufu chochote, inaonyesha kilichopo tu.

Mwaka 2012 ulitoka uchambuzi uliokusanya tafiti 159 za vipimo hivi vya haraka. Kwa wastani vilinasa kama asilimia 62 ya wenye influenza. Kwa watoto kama 67, kwa watu wazima kama 54, kwa sababu watoto hubeba virusi vingi zaidi puani na kwa siku nyingi zaidi. Hebu waweke watu 100 wenye influenza kweli kwenye benchi langu: 38 wataondoka na karatasi ya hasi. Wale 38 wanakwenda kwenye daladala, kazini, kwa bibi, kwa mtoto mchanga.

Nchi tajiri nazo zilipigwa na jambo hili. Mwaka 2009, aina mpya ya influenza iitwayo H1N1 ilipozunguka dunia, vipimo vya haraka vilikosa wagonjwa wengi mno. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikakaza masharti: kipimo kinase angalau asilimia 80 kikilinganishwa na PCR. Hiyo ni hatua kubwa na naifurahia, lakini hesabu bado iko palepale. Asilimia 80 maana yake mgonjwa mmoja kati ya watano bado anapita.

Halafu kuna suala la siku. Virusi huwa vingi puani siku mbili tatu za kwanza za ugonjwa, baada ya siku ya nne vinashuka. Sasa watu wanakuja lini? Siku ya kwanza panadol, ya pili tangawizi na limao, ya tatu dawa mseto aliyoacha shemeji, ya tano wanakuja kwangu. Yule dada alikuja siku ya tano. Ndiyo maana nawaomba kitu kimoja, na nitaendelea kuomba hadi mnichoke: homa ikianza, andika kwenye simu siku na saa. Si "juzijuzi", si "tangu wiki iliyopita". Uje kupima ndani ya siku tatu, ikiwezekana kesho yake. Tarehe hiyo inamsaidia na daktari, kwa sababu oseltamivir, dawa ya influenza, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48.

Na kama ni mjamzito, mtoto mdogo, mzee, mwenye pumu, kisukari, selimundu au anayeishi na VVU, na dalili ni za influenza, daktari hana haja ya kusubiri mstari wangu ndipo aanze dawa. Hasi yangu isimzuie. Hasi ya siku ya tano isimzuie kabisa.

"Kipimo cha kweli ni cha damu"

Wananyoosha mkono wenyewe kabla sijasema neno. "Nipime full blood picture, ionyeshe kila kitu." Haionyeshi kila kitu. Influenza inakaa kwenye njia ya hewa, na huko ndiko inakotafutwa.

"Mbele ya pua panatosha"

Kwa kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya nyuma ya pua, hapatoshi. Kijiti kinaingia kikifuata sakafu ya pua, kulala sambamba na kaakaa, hakielekezwi juu kwenye macho. Kinafika nyuma kabisa, kinazungushwa, kinakaa sekunde chache. Machozi yatatoka, hilo ni la kawaida. Mzazi, mpakate mtoto, mgongo wake kifuani kwako, mkono wako mmoja kwenye paji la uso, mwingine ushike mikono yake. Akirudisha kichwa nyuma nusu ya njia na mimi nikakubali kuishia hapo, tumepoteza hela yako.

"Homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo"

Watoto 1,005 wenye homa walichunguzwa kwa kina Dar es Salaam na Ifakara, matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Wenye malaria walikuwa kama asilimia 10. Wenye maambukizi ya njia ya hewa walikuwa zaidi ya asilimia 60, na sehemu kubwa ilikuwa virusi. Malaria ipimwe, tena kila mara. Ila ikisoma hasi, msirudi duka la dawa kununua dawa mseto ileile.

"Mstari hafifu haujahesabika"

Umehesabika. Mstari wa T, yaani ule wa majibu, ukitokea ndani ya muda uliowekwa, hata uwe hafifu kiasi gani, ni chanya. Kukolea kwake hakuonyeshi ugonjwa una ukali gani. Uliojitokeza baada ya nusu saa, kaseti ikiwa imekaukia mezani, huo usiusome.

"Influenza imeonekana, nipe antibiotiki kali"

Antibiotiki haiui virusi. Anayehitaji ni yule aliyepata maambukizi ya bakteria juu yake: homa ilishuka kisha ikapanda tena, anapumua haraka, kifua cha mtoto kinabonyea. Huyo akimbizwe hospitali, asije dirishani kwangu.

"Kama kinakosea hivyo, hakina maana"

Hili linaniumiza, kwa sababu mara nyingi nalisikia kwa mtu niliyemaliza kumweleza hayo yote ya juu. Udhaifu uko upande wa hasi. Upande wa chanya ni imara: katika uchambuzi uleule, asilimia 98 ya wasio na influenza walisoma hasi kama inavyotakiwa, yaani wawili tu kati ya 100 walisoma chanya kimakosa. Wakati influenza imezagaa mtaani, chanya naiamini. Wakati imetulia naiangalia mara mbili, maana ukipima watu 1,000 ambao 10 tu ndio wanayo, utapata chanya za kweli kama sita na za uongo kama ishirini.

Jumanne aliingia mama na mtoto wa miaka mitatu, homa ya jana jioni, saa ameiandika. Dakika kumi na tano, mstari wa influenza A ukakolea. Malaria hasi. Daktari hakumwandikia antibiotiki wala dawa mseto. Nyumbani wana kichanga cha wiki sita, kwa hiyo usiku huohuo mtoto alihamia kulala chumba cha baba.